Tangi Limeinama, Stendi Inayumba, Mlango Haufungi: Kutafuta Kasoro ya Stendi ya Mbao

Piga hesabu kwanza. Tangi la samaki la sentimita 120 kwa 60 kwa 60, kioo cha milimita 10: vioo peke yake ni kilo 72. Mchanga wa kina cha sentimita 5 unakaribia kilo 55. Ukifuga mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki ambao bila mawe ya kujifichia hawaachi kuumizana, ongeza mawe kilo 40. Nafasi inayobaki inaingia maji kama lita 330, na lita ya maji ni kilo moja. Jumla inagota karibu kilo 500. Hiyo ni mifuko 10 ya saruji imepangwa sebuleni kwako, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, juu ya kitu ulichokigongelea mwenyewe Jumamosi moja.

Stendi mbovu haianguki siku ya kwanza. Inaanza kwa kusema: mlango unakwaruza, maji yanaonekana yamepanda upande mmoja, kuna sauti usiku. Ukizisoma dalili hizi mapema, ukarabati ni wa mchana mmoja. Ukizipuuza, utalipia kioo.

Kabla hujashika dalili yoyote, fanya jaribio hili. Weka kidole kwenye kona ya tangi, ukishushe hadi sakafuni bila kukiinua. Tangi limekaa juu ya plaiwudi, sawa. Plaiwudi imekaa juu ya mbao ya fremu, sawa. Na mbao ya fremu imekaa juu ya nini? Kama imekalia kichwa cha mguu, kidole kinaendelea kushuka, mbao juu ya mbao, hadi chini. Kama imebandikwa ubavuni mwa mguu kwa misumari, kidole chako kimefika hewani. Kinachobeba pale si mbao tena, ni misumari miwili ya inchi nne, na tangi lina kona nne tu.

Stendi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Fundi aliyenisaidia aliipiga kofi akasema, "Kaka, hapa hata tembo akae." Tembo asingekaa. Misumari iliyobeba ubavuni ilianza kuinama na kupanua matundu yake kwenye mbao laini ya paina, na baada ya miezi minne fremu ya juu ilikuwa imeshuka milimita 3 kona moja. Mbao ilikuwa nzima kabisa.

Na ndilo jambo ambalo wengi hawaliamini: mbao ikisimama wima ina nguvu za ajabu. Kipande cha paina cha inchi mbili kwa mbili, kirefu sentimita 70, kikiwa kimekatwa sawasawa juu na chini, kwa hesabu kinaweza kuubeba mzigo huu wote peke yake. Kwa hiyo ukiona stendi ina miguu minene kama nguzo za banda la ng'ombe, usifarijike bado. Unene wa miguu si ugonjwa unaoziua stendi. Ugonjwa uko kwenye viungo.

Kama kidole chako kimeishia hewani, dawa ni mguu mwenza: kipande kingine cha mbili kwa nne kando ya kila mguu uliopo, kinachoanzia chini ya mbao ya fremu na kuishia kwenye mbao ya chini au sakafuni. Kikate kikiwa kirefu zaidi kwa milimita moja, kisha kipunguze kwa randa mpaka kiingie kwa kusukumwa na kiganja. Gundi ya mbao, skrubu nne, basi. Skrubu hapo kazi yake ni kukizuia kisitembee tu, mzigo unapita kwenye mbao.

Ukarabati wowote kati ya hii unahitaji kupunguza maji. Tangi lililojaa halisogezwi hata milimita, halinyanyuliwi kwa jeki, halipigiwi nyundo chini yake. Toa maji hadi ibaki robo, au yote kama utashika miguu. Samaki wakae kwenye ndoo za maji yaleyale ya tangi zenye pampu ya hewa, na sponji la kichujio nalo libaki ndani ya maji hayohayo, kwa sababu bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo na wakikauka utaanza upya.

Maji yamepanda upande mmoja

Hii ndiyo dalili inayoonekana kwa urahisi kuliko zote, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Mtu anaona maji yako juu kushoto, anachukua karatasi ngumu, anaikunja, anaichomeka chini ya tangi upande wa kushoto. Usifanye hivyo. Ukichomeka kitu kati ya tangi na stendi, umekiambia kioo cha chini kibebe uzito wote kwenye kona ile peke yake.

Pima kwanza. Maji yenyewe ni pima maji bora kuliko ile ya dukani, maana ni marefu kama tangi lote. Chukua rula ya chuma, isimamishe juu ya ubao wa stendi kwenye kila kona, soma urefu hadi kwenye mstari wa maji. Tuseme umepata mbele kushoto milimita 541, mbele kulia 545, nyuma kulia 549, nyuma kushoto 545. Sasa jumlisha kona kwa kona, za mkingamo: 541 na 549 ni 1090, 545 na 545 ni 1090. Zimelingana. Maana yake tangi limeinama tu, lakini kitako chake kimenyooka. Kuinama ni tatizo la macho zaidi kuliko la kioo. Mimi mwenyewe nikiona tofauti ya hadi milimita 3 kwa urefu wa sentimita 120 naliacha.

Lakini tuseme kona ya nyuma kulia ilisoma 545 badala ya 549. Sasa mkingamo mmoja ni 1086, mwingine 1090. Hapo kuna milimita 4 zisizo na maelezo isipokuwa moja: kitako kimejisokota. Kona moja haiko kwenye usawa wa zile tatu, na kioo hakipendi kusokotwa. Kuinama unaweza kuahirisha hadi mwisho wa wiki. Kusokoteka unatoa maji leo.

Kuinama kwa kawaida chanzo chake ni sakafu. Nyumba zetu nyingi sakafu ina mteremko mdogo kuelekea mlangoni au bafuni ili maji ya kudeki yatoke, na mjenzi hakukosea. Dawa ni kabari chini ya stendi, upande ulioshuka, kwa urefu wote wa mbao ya chini na si kwenye ncha tu, la sivyo katikati panabaki wazi na mbao inaanza kubonyea. Kabari iwe ya kitu kisichobonyea wala kulowa: kipande chembamba cha plaiwudi, plastiki ngumu, kigae. Karatasi ya boksi haifai kabisa. Siku ya kwanza inakaa vizuri, siku ya kudeki ya tano imekuwa uji.

Kusokoteka kuna vyanzo vitatu: miguu haina urefu mmoja, sakafu ina kilima chini ya mguu mmoja, au fremu ya juu imejipinda. Ondoa tangi, uitikise stendi tupu. Kama inacheza kama meza ya hotelini, shida ni miguu au sakafu. Isogeze mahali pengine: ikiacha kucheza ilikuwa sakafu, ikiendelea ni miguu. Kama haichezi, chukua mbao mbili zilizonyooka, ilaze moja upande wa kushoto wa stendi na nyingine upande wa kulia, kisha rudi nyuma hatua mbili, inama, chungulia ukingo wa ile ya karibu dhidi ya ule wa ile ya mbali. Zikiwa sambamba, fremu ni nzima. Ikiwa ya mbali imeinua bega moja, umemkamata mwizi. Jicho huona tofauti ya milimita moja kwa njia hii bila kifaa chochote.

Ukiigusa inayumba

Weka kiganja kwenye kona ya juu ya stendi, si kwenye kioo, sukuma kwa nguvu ile unayofungulia mlango. Angalia maji. Yakianza kwenda na kurudi kutoka ncha hadi ncha, na ukiona mguu unasogea hata kidogo, stendi haina kinachoizuia kwenda upogo.

Fremu ya pembe nne haina ushupavu wake yenyewe. Iongezee misumari upendavyo, itajikunja kama kitanda cha kamba kilicholegea. Kinachoikaza ni pembetatu, au ubao mpana uliobandikwa ubavuni. Stendi nyingi ninazoziona zina mbele wazi kwa ajili ya milango, nyuma wazi kwa ajili ya mabomba, na pembeni plaiwudi nyembamba ya milimita 3 iliyopigwa visumari vya kubahatisha. Hiyo ni pazia.

Toa maji yote, uondoe tangi. Pima mkingamo wa nyuma ya stendi, kona hadi kona, halafu mkingamo wa pili. Vuta mpaka vilingane. Kisha funika nyuma yote kwa plaiwudi ya milimita 12, gundi kwenye kila mbao inayogusa, skrubu kila baada ya sentimita 15. Tundu la bomba na nyaya likatwe dogo, lenye kona za mviringo, mbali na pembe. Kama nyuma lazima pabaki wazi kwa sababu ya tangi la kuchujia lililo chini, basi pembeni zote mbili zifungwe kwa plaiwudi hiyohiyo na kila pembe ya nyuma ipate pembetatu ya sentimita 20. Kwa nyumba yenye watoto, vyuma viwili vya umbo la L vya kushika ukutani ni hela ndogo sana ukilinganisha na mtoto anayepanda stendi kumwona samaki.

Ikiwa stendi ilikuwa imara na imeanza kuyumba baada ya miezi, angalia mbao. Mbao za dawa zinazouzwa kwa ajili ya paa, zile zenye rangi ya kijani, mara nyingi zinafika dukani zimelowa. Ukizipigilia hivyo zinasinyaa zikiwa ndani ya kiungo, na skrubu inabaki imeshika hewa. Mkaratusi ndio kabisa, hupasuka na kujipinda ukikauka. Mninga unasifika kwa kusinyaa kidogo mno, ila bei yake itakufanya ufikirie upya ukubwa wa tangi. Paina ya shamba la miti la Sao Hill inatosha vizuri kwa kazi hii mradi iwe kavu: ipange ndani kwa wiki kadhaa na vijiti katikati ili hewa ipite, uone ipi inajipinda kabla hujaikata.

Katikati pamebonyea

Chukua karatasi ya daftari, ijaribu kuipitisha kati ya tangi na ubao wa stendi, ukianzia kona na kwenda katikati. Ikikataa kwenye kona na ikaingia laini katikati, mbao ya mbele imeshuka na kioo kinajibeba chenyewe. Thibitisha kwa uzi: ufunge kwenye msumari mdogo ncha moja ya mbao hiyo, uvute hadi ncha ya pili, upime pengo katikati.

Kosa la kwanza la kutafuta hapa ni mbao kulazwa ubapa. Mbili kwa nne ikisimama kwa ubavu wake mwembamba ni ngumu mara 4 kuliko ileile ikilazwa, kwa mbao ileile, kwa bei ileile. Nimeona stendi zilizotengenezwa kwa mbao nzuri kabisa za mkongo zikabonyea kwa sababu hii tu, kwa kuwa fundi alitaka uso mpana wa kukalia tangi. Uso mpana ni kazi ya plaiwudi. Mbao chini yake isimame.

Kosa la pili ni urefu bila mguu wa katikati. Hapa namba zinasaidia. Mbao ya mbele inabeba nusu ya mzigo, yaani kilo 250. Paina ya mbili kwa nne iliyosimama, ikivuka mita 1.1 bila mguu, inashuka kama milimita 1.5 hadi 2 siku ile ile unayojaza maji. Ungesema si kitu. Lakini mbao chini ya mzigo usioondoka huendelea kushuka taratibu kwa miezi, na hiyo 2 inaelekea 3. Ukiweka mbili kwa sita, ugumu unapanda zaidi ya mara 3 na mshuko wa kwanza unabaki kama nusu milimita. Na ukiongeza mguu mmoja katikati, mshuko unapungua hadi moja ya kumi na sita ya ulivyokuwa. Mguu wa katikati unaudhi kwa sababu unagawa mlango, najua. Chagua kimoja: mguu, au mbao ya inchi sita. Mbili kwa nne bila mguu ni kwa matangi ya sentimita 80.

Kuongeza mguu wa katikati kwenye stendi iliyokwisha kubonyea kuna mtego wake. Ukiuchomeka stendi ikiwa na mzigo, utaikaza mbao ikiwa imeshuka na itabaki imeshuka. Toa tangi, iache siku mbili tatu ipumzike, isawazishe uso kwa randa au weka plaiwudi mpya ya milimita 18 iliyonyooka, kisha ndipo mguu.

Hapa pia ujue una tangi la aina gani. Matangi yanayoundwa na mafundi wetu wa vioo hayana fremu ya plastiki chini, kioo chote cha chini kinalala kwenye ubao. Hayo yanataka mkeka laini wa milimita 5 hadi 10 chini yake, uwe mkeka wa mazoezi au lile povu jeupe gumu linalokuja na boksi la TV, ili kumeza vijipele vya ubao. Mkeka haurekebishi ubao uliobonyea, unaficha tu. Matangi ya kiwandani yenye ukingo wa plastiki chini yanakalia ukingo huo, na kioo chenyewe kinaning'inia kidogo juu ya ubao. Hayo hayawekewi povu kabisa, kwa kuwa povu litasukuma kioo juu mahali ambapo hakikukusudiwa kuguswa.

Mlango haufungi

Mlango ni mpelelezi mzuri kuliko wote, kwa kuwa una pengo la milimita 2 tu na unagundua kila kitu. Usikimbilie kuupiga randa. Angalia unakwaruza wapi.

Ukikwaruza juu, upande wa katikati ya stendi, mbali na bawaba, mbao ya juu imeshuka: rudi kwenye karatasi na uzi. Ukikuta pengo limekuwa kama kabari, jembamba juu na pana chini, au kinyume chake, stendi imekwenda upogo au mguu mmoja umezama. Na ukikwaruza pande zote kwa usawa, tena ulianza mwezi wa nne, basi ni masika: mbao imevuta unyevu ikavimba, mwezi wa saba itarudi. Hapo ndipo msasa unaruhusiwa, na rangi kwenye kingo za mlango, maana kingo ndizo husahaulika kupakwa.

Mimi niliupiga randa wa kwangu mara mbili. Mara ya kwanza ukafunga vizuri wiki mbili. Mara ya pili nikapunguza zaidi, ukafunga wiki tatu. Nilipokuja kuishusha stendi ile, ndipo nikaona nilichokuwa nafanya: nilikuwa nauchonga mlango ufuate mbao ya juu inayoshuka.

Inalia

Siku ya kujaza, mlio mdogo wa mbao kujikalia ni kawaida. Mlio unaorudi baada ya wiki, hasa usiku ubaridi ukiingia au mtu akipita karibu, ni kiungo kinachosugua: gundi haikushika au skrubu imelegea. Shika kila kiungo kwa vidole huku mwenzako anatembea sebuleni, utausikia mkononi kabla ya sikioni.

Ubao wa juu umevimba

Ikiwa ulitumia kabati la TV au ubao wa unga wa mbao uliobandikwa karatasi ya kung'aa, hakuna utatuzi hapo. Ubao ule maji yakishaingia kwenye ukingo mmoja hufura kama mkate uliodondokea chai na haurudi. Toa, weka plaiwudi isiyoogopa maji, ile inayotumika kufungia zege kwenye ujenzi, ya milimita 18.

Ikiwa ni plaiwudi nzuri na bado imevimba, tafuta maji yanatoka wapi. Tangi huwa halivuji. Mara nyingi ni mkono wako siku ya kubadilisha maji, mvuke unaogota chini ya kifuniko na kutiririka nyuma, au waya. Waya unaotoka kwenye tangi moja kwa moja hadi kwenye soketi iliyo chini yake hubeba matone hadi ndani ya soketi, na hapo mbao iliyovimba ndiyo hasara ndogo. Uache waya ushuke chini ya soketi kwanza, kisha upande kuingia. Matone yataangukia pale chini ya upinde. Soketi ya kuunganishia ifungwe juu ukutani, isilale ndani ya stendi.

Kupaka rangi ya mafuta au vanishi kufanyike kabla ya kuunganisha, mikono mitatu, na ncha zilizokatwa zipate zaidi. Ncha ya mbao inanywa maji kuliko ubavu wake, kama mrija.

Unga chini ya miguu, au mguu mweusi

Unga laini wa rangi ya mbao ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Chomoa mbao iliyoliwa, usiipake dawa ukitegemea ibebe. Vijinjia vya udongo vinavyopanda ukutani ni mchwa, na hao wanatafuta nyumba yote, si stendi tu. Mguu mweusi na laini kwa chini ni dekio. Kila asubuhi maji yanapita chini ya mguu, ncha yake inakunywa. Kata sehemu iliyooza hadi kwenye mbao nzima, ongeza kipande, kisha kalisha mguu kwenye kigae au plastiki ngumu.

Marumaru imepasuka chini ya stendi

Kabla ya kuweka stendi, gonga marumaru kwa sarafu pale miguu itakapokaa. Iliyoshika chini hutoa mlio mfupi mkavu. Iliyo tupu chini hulia kama debe, na ndiyo itakayopasuka. Kilo 500 kwenye miguu minne ni kilo 125 kwa eneo la kiganja. Mbao ya chini inayozunguka stendi nzima inausambaza mzigo huo, na ndiyo sababu napendelea stendi isiyosimama kwa ncha za miguu.

Kwa wanaoishi ghorofani: sakafu za makazi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na tangi hili pale lilipokalia linaweka karibu 700. Sakafu ya zege haivunjiki kwa hilo peke yake kwa kuwa mzigo unashirikiwa na eneo linalozunguka, lakini tangi likae kando ya ukuta, karibu na nguzo au boriti, lisikae katikati ya chumba. Ukitaka kubwa zaidi ya hili, muulize mhandisi.

Kioo cha chini kimepasuka

Kioo hakizibwi kwa silikoni, kinabadilishwa. Ila kabla hujampelekea fundi wa vioo, soma ufa. Ufa ulioanzia katikati kama nyota, tafuta kitu kilichokuwa chini yake au juu yake: chembe ya mchanga kwenye ubao, kichwa cha skrubu kilichoachwa kimechomoza, au jiwe lililokalia kioo kwa ncha. Mbuna wanachimba mchanga, na jiwe ulilolilaza juu ya mchanga litazama mpaka kwenye kioo. Mawe yanawekwa kwanza, juu ya wavu wa plastiki, mchanga unafuata. Ufa ulioanzia ukingoni au konani na kukimbia mkingamo, rudi kwenye zile jumla mbili za kona. Usipotibu stendi, kioo kipya nacho kitakwenda njia hiyohiyo.

Kujaza upya

Jaza robo, pima kona nne. Jaza nusu, pima, kalale. Asubuhi pima tena, ndipo umalize, na samaki warudi jioni. Andika namba kwa penseli upande wa ndani wa mlango pamoja na tarehe, kisha rudia baada ya wiki, baada ya mwezi, na masika yakiisha.

Za kwangu za kwanza, kwenye stendi ya pili, zilikuwa 541, 542, 542, 541. Mwezi wa tatu nyuma kulia ikasoma 543. Nikatoa maji kwa hasira, nikijua nimekosea tena fremu. Fremu ilikuwa imenyooka. Chini ya ule mguu nilikuwa nimeweka kipande cha kandambili ya zamani, kimebonyea kikawa chembamba kama kadi ya simu.